Konzo: muhogo ulowe siku 3, lakini siku hizo nani analipa?

Wasomi wenzangu, tukisikia magonjwa ya kutetemeka ao ya kushindwa kutembea, wengi tunawaza Parkinson na maabara za Ulaya. Kumbe kwetu kuko konzo. Mutoto alikuwa anakimbia jana, leo miguu imekakamaa, anatembea kwa ncha za vidole. Parkinson inazidi pole pole. Konzo inakuja gafla, haizidi, lakini haiponi. Jina ni la Kiyaka, ni kusema miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliiandika tangu 1938, kule Kwango.

Utafiti umefanya kazi kubwa, tusikatae. Tunajua inatoka mu muhogo muchungu wenye haukuloweshwa vizuri: sianidi inabaki mu unga, na mutu mwenye hapati nyama, samaki ao maharagi ya kutosha, mwili wake unakosa nguvu ya kuitoa. Mu 2013 watafiti walionyesha kama hata akili ya watoto wa Kahemba inaguswa. Na kuko njia ya kuchanga unga na maji, kuutandaza mwembamba saa 2 mu jua ao saa 5 mu kivuli, sumu inatoka. Haiombi mashine.

Lakini mimi niko na neno. Karibu mashauri yote yanaishia kwa mama: lowesha zaidi, tandaza, ngoja. Ni kama vile shida ni ujinga wake. Na utafiti wenyewe unasema kingine! Tylleskär na wenzake, mu Bandundu, waliona wamama walijua kulowesha siku 3. Barabara ya kwenda Kinshasa ilipokuwa nzuri, wanunuzi wakafika, siku 3 zikawa usiku moja. Soko ndiyo ilikata siku, si ujinga. Na kwetu Kivu ya Kusini, konzo ilionekana Burhinyi mu eneo lenye vita ilichafua. Mutu mwenye anakimbia, atangoja muhogo siku 3 namna gani?

Tena sisi wa agronomia tusijifiche. Mu auditoire tulihesabu tani kwa hektari. Sianidi ilipita saa moja tu, ikaisha. Muhogo muchungu unapendwa kwa sababu unazaa mu udongo muchovu, na panya na wezi wanauogopa. Ukimwambia mulimaji auache bila kumupa kingine, unamuambia alale njaa.

Kwa hiyo, mwenye anaandika TFC juu ya muhogo mwaka huu, asipime mavuno peke yake. Apime sianidi mu unga wenye kufika sokoni, aulize bei ya unga wa siku 3 na ya unga wa usiku moja. Kama bei ni moja, basi tumejua mwenye analipa: ni ule mutoto wa ncha za vidole.