Ubia Gani Huu Ambao Hasara ni ya Mmoja?



Leo siasa naiweka kando. Nataka kulishika neno moja ambalo limekuwa likinikera kwa muda mrefu, nalo ni neno "mshirika" kama linavyotumiwa katika kazi za misaada ya dharura: ukame, vita, mafuriko, wakimbizi. Wengi wetu tumepita huko kama watafiti, wakalimani au watathmini wa miradi. Na wengine wetu jamaa zetu ndio waliopanga foleni za chakula, kama ndugu zetu wa Barawa na Kismayu waliokimbilia Mombasa baada ya 1991. Kwa hiyo jambo hili si la watu wa mbali.

Tuanze na msamiati. Anayetoa pesa tunamwita mfadhili. Neno limetoka kwenye fadhila, na fadhila haidaiwi. Ukifadhiliwa unashukuru, basi. Aliye mwisho wa safari anaitwa mnufaika, hata kabla haijajulikana kama amenufaika. Katikati yuko mtu wa pale pale, mwenye chama chake kidogo wilayani, anayezijua njia, lugha na wazee wa mji. Huyu siku hizi kapandishwa cheo, anaitwa mshirika. Lakini kabla ya kukabidhiwa kitu ni sharti kwanza "ajengewe uwezo", na anayemjenga mara nyingi ni kijana aliyefika wiki iliyopita ambaye bila ya mshirika huyo hajui hata pa kulala.

Sasa mshirika kwa Kiswahili ni nani? Mshirika ni mbia. Wafanyabiashara wa mwambao, wa Hadhramaut na wa Oman wamefanya ubia karne na karne, na fiqhi imeupangia kanuni zake. Katika musharaka kila mmoja analeta mtaji, na hasara inagawanywa kwa kadiri ya mtaji wa kila mtu. Katika mudharaba mmoja anatoa mali, mwengine anatoa kazi. Faida wanagawana kwa mafungu waliyokubaliana. Mali ikipotea bila ya kosa la mfanyakazi, hasara ya mali ni ya mwenye mali; mfanyakazi amepoteza jasho lake, na hilo latosha. Halipi chochote isipokuwa ikithibitika kwamba amefanya khiyana au uzembe, au amekiuka masharti. Chombo kikizama kwa tufani, nahodha hafuatwi nyumbani kwake akauziwa kitanda.

Ukitaka kujua kama huu ni ubia wa kweli, basi, usiulize nani kaweka nembo kwenye bango. Uliza: hasara ikitokea, nani analipa? Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na yanayofuata ni ushahidi.

Ushahidi wa kwanza ni wangu mwenyewe, na sijivunii. Wakati wa ukame wa 2017, ule ambao serikali ya Kenya iliutangaza kuwa janga la kitaifa mwezi wa Februari, kulikuwa na chama kimoja cha watu sita kaskazini-mashariki mwa nchi. Kilipewa ruzuku ya miezi minne kusambaza maji. Pesa zilitoka Ulaya kwa shirika kubwa, zikapita ofisi ya shirika hilo Nairobi, ndipo zikawafikia wao. Maboza ya maji yalifika mpaka barabara ilipokwisha. Kutoka hapo maji yalikwenda kwa mikokoteni ya punda. Wenye mikokoteni walilipwa taslimu, wakatia dole gumba kwenye daftari, mbele ya mzee wa kijiji.

Mwaka uliofuata akaja mkaguzi wa hesabu. Daftari la dole gumba akalikataa; yeye anataka risiti ya mashine ya kodi. Jamani, mwenye punda na mashine ya kodi wapi na wapi? Fungu zima la mikokoteni, laki saba na ushei za Kenya, likaandikwa "matumizi yasiyokubalika", na chama kikatakiwa kuzirudisha. Kikauza pikapu yake, ile ile iliyokuwa ikiwapeleka vijijini.

Mimi nilipelekwa pale kufanya tathmini. Nilizungumza na akina mama waliopokea maji yale, nikaonyeshwa matangi. Hakuna aliyesema maji hayakufika. Ofisi ya Nairobi haikupoteza hata senti, maana gharama zake za uendeshaji ilikwisha kuzikata juu kabisa. Na katika ripoti ya mwisho mkaingia sentensi inayosema kwamba mshirika "ana udhaifu katika usimamizi wa fedha". Sentensi hiyo niliiandika mimi. Niliiandika kwa sababu kiolezo cha ripoti kilikuwa na kisanduku cha udhaifu wa mshirika, lakini hakikuwa na kisanduku cha udhaifu wa anayempa. Chama kile, kwa nijuavyo, hakikupata ruzuku nyengine.

Atasema mtu: daktari, masharti yalitaka risiti ya mashine, nao wakayakiuka, hata kwenye mudharaba wako wangelipa. Hoja nzuri. Lakini sharti lile liliandikwa na watu waliojua fika kwamba baina ya barabara na kijiji hakuna duka lenye mashine, na wakati huo huo mkataba ulitaka maji yafike kijijini. Anayekuwekea masharti mawili yasiyoweza kukutana kisha akakutoza kwa kuvunja moja, huyo si mbia wako.

Tuje kwenye gharama za uendeshaji, maana hapa ndipo penye siri. Kila mradi una gharama ambazo hazionekani uwanjani: kodi ya ofisi, mhasibu, bima, ukaguzi, siku za kuandika maandiko ya miradi. Wafadhili wanalijua hilo. Umoja wa Ulaya katika misaada yake ya kibinadamu umezoea kuruhusu asilimia 7 juu ya gharama za mradi. Marekani kwa miaka mingi ilitoa asilimia 10 kwa asiyekuwa na kiwango chake maalumu, ikapandisha hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. Lakini pesa hizo zikiingia kwa shirika la juu, mara nyingi zinaishia hapo hapo. Mshirika wa chini analipwa vitu vya mradi tu: mafuta, maji, posho. Mhasibu wake alipwe na nani? Halafu mwisho wa mwaka tunashangaa kwamba chama hakina mhasibu, tunaandaa semina ya siku tatu hotelini kumjengea uwezo. Tumemnyima mtu kamba, kisha tunamfundisha kuteka maji.

Hayo hayasemwi kwa siri. Wakubwa wenyewe wameyakiri, tena kwa sherehe. Istanbul, Mei 2016, wafadhili na mashirika makubwa walitia saini makubaliano yanayoitwa Grand Bargain, wakaahidi kwamba ifikapo 2020 asilimia 25 ya fedha za misaada ya kibinadamu itawafikia watendaji wa ndani ya nchi kwa njia iliyo fupi iwezekanavyo. Mwaka 2020 ukafika, na zilizowafikia moja kwa moja hazikugonga hata asilimia 5. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilijiwekea mwaka 2010 lengo la asilimia 30 ifikapo 2015, halikufika. Mwaka 2021 likajiwekea asilimia 25 ifikapo 2025. Miaka miwili baadaye lilikuwa linazungukazunguka kwenye asilimia 10.

Wenzetu wengi huishia kwenye asilimia hizi, wakapiga kelele kwamba ahadi haikutimizwa. Mimi nasema hata zingetimizwa, tatizo lingebaki. Unaweza kumpa mtu robo ya pesa pamoja na hasara yote. Hapo hujamkomboa, umemtwika.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ulikuja Januari 2025. Tarehe 20 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na siku chache baadaye zikatoka amri za kusimamisha kazi. Tarehe 10 Machi ikatangazwa kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa, na Julai 1 shirika lenyewe likafungwa. Hapa silaumu uamuzi wa kisiasa. Nchi ina haki na pesa zake. Naangalia nani alibaki na bili. Kulikuwa na kazi iliyokwisha kufanywa, mishahara iliyokwisha kuiva, mafuta yaliyokwisha kuchomwa. Mashirika na makampuni yaliyokuwa na mawakili Marekani yalikwenda mahakamani, na tarehe 5 Machi Mahakama ya Juu ya huko ilikataa kuizuia amri ya jaji iliyotaka kazi iliyokwisha kufanywa ilipwe. Vizuri. Lakini mshirika wa tatu au wa nne katika mnyororo angemshtaki nani? Mkataba wake si na mfadhili, ni na aliye juu yake. Na yule naye anasema, "na mimi sijalipwa". Hana akiba, kwa sababu ruzuku haimruhusu kuweka akiba. Ana wafanyakazi wanaokaa mtaa mmoja naye, wanamwona kila siku akienda msikitini au sokoni. Huyo ndiye aliyeibeba hasara.

Sudan mambo yalionekana wazi zaidi. Tangu vita vilipoanza Aprili 2023, vijana wa mitaani walianzisha vyumba vya dharura, wakapika katika majiko ya mtaa wakati mashirika makubwa yamekwisha ondoka Khartoum. Walijenga juu ya desturi ya zamani ya nafiri, ambayo kwetu tungeiita msaragambo au harambee. Dunia ikawasifu, na mwaka 2025 wakapewa tuzo ya Right Livelihood. Lakini sifa ni kitu kimoja na ubia ni kitu chengine. Pesa za Marekani ziliposimama mapema mwaka huo huo, mamia ya majiko yale yalifungwa. Hakuna kifungu cha mkataba kilichosema: mpishi apewe japo notisi ya mwezi mmoja.

Sasa niwe mwadilifu. Wizi upo, na hatuna haja ya kuusitiri. Asasi za mfukoni tunazijua. Mwenyekiti ni yeye, katibu mkewe, mhazini shemeji. Na Somalia, Machi 2010, kundi la wachunguzi wa Umoja wa Mataifa lilidai kwamba hadi nusu ya chakula cha WFP kilikuwa kikipotelea njiani, WFP wakakanusha. Lakini someni ripoti ile ilisema nini: wafanyabiashara watatu ndio walioshika sehemu kubwa ya mikataba ya uchukuzi. Hawakuwa watu wa dole gumba. Anayetaka kuiba kontena hakosi risiti. Ni mwenye punda ndiye anayeikosa. Kwa hiyo kanuni inayomkamata mwenye punda na kumwacha mwenye kontena haijazuia wizi, imezuia wadogo tu.

Wala simtetei asiyeandika. Wahenga wetu hawakuhitaji semina kulijua hilo: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ni letu. Ninachopinga ni kukataa daftari la mtu kwa kuwa halifanani na lako.

Pendekezo langu ni dogo, na halihitaji mkutano mwengine wa Istanbul. Kwanza, asilimia ya gharama za uendeshaji aliyopewa wa juu ishuke nayo mpaka chini, kwa kiwango kile kile. Pili, matumizi yakikataliwa na mkaguzi pasina khiyana wala uzembe, hasara igawanywe kwa kadiri ya fungu la kila mmoja, na aliyeandika masharti abebe zaidi. Tatu, mkataba ukikatishwa, kazi iliyokwisha fanywa ilipwe na iwepo notisi, mpaka kwa mshirika wa mwisho. Nne, ushahidi ukubaliwe kwa mazingira ya mahali: sahihi ya shahidi, ujumbe wa M-Pesa ambao Kenya wanao tangu 2007, daftari la mzee wa kijiji. Mwenye kuyakataa haya manne ana haki yake, lakini basi aache kuliazima neno letu. Amwite yule mtu kibarua, alipwe ujira wake jioni, aende zake. Kibarua angalau hadaiwi mvua ikinyesha.

La mwisho linatuhusu sisi tunaosoma hapa. Tathmini zile tunaziandika sisi. Msamiati ule tunautafsiri sisi, kwa malipo ya siku ambayo yanazidi mshahara wa mwezi wa tunayemtathmini. Hatuwezi kubadilisha sera za Washington wala Brussels, lakini kisanduku kimoja kwenye kiolezo tunaweza kukiongeza: hasara ilipotokea, nani alilipa, na ilikuwa haki? Mimi tangu ile safari nakiongeza kwa mkono wangu. Mara mbili kimefutwa na mhariri. Nitaendelea kukiongeza.

Nilipokosea nikosoeni, hasa wenzangu wa fiqhi na wa sheria za mikataba, maana hapo nimeingia shamba la wenyewe. Naomba kuwasilisha.