Tarakimu ya Kisima Namba 5

Wasomaji wanaofuatilia mambo ya maji hawahitaji kusimuliwa upya msiba wa maji machafu ulioupata mji mdogo wa Walkerton, mkoani Ontario nchini Kanada, mwezi wa Mei 2000, walipokufa watu 7 na wengine zaidi ya 2,300 wakaugua katika mji wenye wakazi wapatao 4,800; wala sikusudii kuurudia ule mzozo wa ng'ombe na samadi, kwani Jaji Dennis O'Connor, aliyeiongoza tume ya uchunguzi, alikwisha kubainisha kwamba mkulima wa jirani alifuata taratibu njema za kilimo na hastahili lawama. Shauri langu ni juu ya tarakimu moja iliyotiwa daftarini, nami nasema tangu sasa kwamba kuiandika kulikuwa taksiri isiyo na udhuru.

Mvua kubwa ilinyesha tangu tarehe 8 hadi 12 Mei, ikasomba vijidudu vya samadi na kuvifikisha katika Kisima Namba 5 cha mji huo, ambacho maji yake yalitoka kina cha mita 5 hadi 8 tu, katika mwamba wenye nyufa. Jumamosi ya tarehe 13 msimamizi wa mitambo alifika hapo kwa ukaguzi wa kila siku. Wajibu wake ulikuwa kuchota maji, kuyatia dawa ya kupimia, na kuona ni klorini kiasi gani iliyosalia, maana mwongozo wa wizara husika ya mkoa ulitaka masalio yasipungue miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 15. Hakupima. Aliandika 0.75, akaondoka; na Jumapili, ilhali mji unaendelea kunywa, akaandika 0.75 tena.

Fundi yeyote anajua uzito wa jambo hili. Kiasi cha klorini unachotia hukuambia umefanya nini wewe. Kiasi kinachosalia ndicho kinachokuambia maji yamekuja na nini, kwa kuwa uchafu huila klorini, na maji yaliyobeba samadi yakipewa dozi haba, kama ilivyokuwa desturi mjini pale, huimaliza yote. Sampuli ya bakteria hukaa maabara siku nzima au zaidi kabla ya kutoa jibu, walakini masalio husomwa papo hapo, kisimani, na mtu mmoja mwenye chupa na kidonge. Lau msimamizi yule angalipima Jumamosi, angaliona klorini imetoweka, na kwa mujibu wa tume, kupima kila siku kungalipunguza sana ukubwa wa maradhi. Wapo wanaomtetea kwa hoja kwamba wenyeji walinung'unikia ladha ya klorini, na kwamba yeye na wenzake waliyaamini maji yale hata wakayanywa kabla hayajatiwa dawa. Siikubali hoja hiyo hata kidogo, kwa sababu kipimo kiliwekwa makusudi ili usalama wa watu usitegemee imani ya mhudumu.

Nimekwisha kuandika mara nyingi, na nitaandika tena, kwamba daftari lisilobadilika lapasa kutiliwa shaka. Kwa miaka mingi kurasa za Walkerton zilijaa 0.5 na 0.75, mvua inyeshe au theluji iyeyuke, na wizara ilikagua mwaka 1991, 1995 na 1998 isiung'amue udanganyifu. Wazee wa kazi hii walifanya kinyume: Alexander Houston, aliyeyatia klorini maji ya Lincoln, Uingereza, mwaka 1905 ili kuzima homa ya matumbo, alikuwa mtu wa vipimo mpaka mwisho wa umri wake. Na John Leal, aliyefanya vivyo hivyo kwa maji ya Jersey City mwaka 1908, aliitetea kazi yake mahakamani kwa ushahidi. Wazee wale hawakuwa hata na robo ya vifaa tulivyo navyo leo.

Lawama ya serikali ya mkoa nayo haijafutika: mwaka 1996 iliacha kupima maji ya miji katika maabara zake, ikaziachia maabara binafsi bila sheria ya kuzilazimu kuwaarifu maofisa wa afya. Ndiyo maana majibu mabaya ya tarehe 17 Mei yalipelekwa kwa shirika la maji la mji peke yake, na tarehe 19 meneja wa shirika hilo akawaambia watu wa afya kwamba maji ni salama. Idara ya afya, kwa upande wake, ilitangaza tarehe 21 kwamba maji yachemshwe, bila kungoja majibu ya sampuli zake yenyewe, na kwa hilo ilifanya vyema.

Enyi mlio katika kamati za maji za miji midogo, liombeni daftari la klorini la msimu wa mvua uliopita mlisome siku kwa siku. Na mkikuta tarakimu ile ile kila siku, mwiteni mhudumu apime mbele yenu.