Kiti Kitupu Hakiwekwi Stoo

Wiki ya Krismasi mabasi yanayotoka Kampala kuja Mbarara hujaa hadi mlangoni, na nauli hupaa. Basi hilo hilo likigeuza kurudi Kampala huwa na viti vitupu kibao, na konda aliyening'inia mlangoni husikiliza bei yoyote ambayo si matusi. Mwaka Mpya ukipita, upepo unageuka: wa kuelekea Kampala ndio wanaobanana. Msomaji wa Nyamitanga, hapa Mbarara, anayejua kucheza na majira haya ameshaelewa nusu ya biashara ya meli za kitalii, zile zinazouza vyumba kwa bei ya kutupa siku chache kabla ya kung'oa nanga.

Mchele usiouzwa leo pale Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kesho bado ni mchele. Kiti cha basi la saa mbili asubuhi, ikishafika saa mbili na dakika tano, hakina thamani hata ya shilingi. Chumba cha meli ni hivyo hivyo. Tena gharama ya kumbeba mtu mmoja zaidi ni ndogo, kwa sababu mafuta na mshahara wa dereva vinalipwa hata kiti kikikaa kitupu. Kwa hiyo kila kinachopatikana dakika za mwisho huonekana ni faida tupu. Kasoro yake ni kwamba abiria wakishazoea, hakuna atakayenunua mapema.

Aliyeliweka jambo hili kwenye hesabu safi ni Kenneth Littlewood, mtaalamu wa shirika la ndege la Uingereza la BOAC, mwaka 1972. Alijiuliza: kiti hiki nimpe huyu wa bei ya chini aliyepo sasa, au nimsubiri wa bei kamili ambaye huenda asije? Jibu lake ni fupi. Chukua bei kamili, izidishe kwa uwezekano wa mteja huyo kutokea, kisha linganisha na pesa iliyo mbele yako. Tuseme nauli kamili ni 30,000 na aliyesimama mlangoni ana 20,000. Uwezekano wa kumpata wa 30,000 ukishuka chini ya thuluthi mbili, mchukue aliyepo. Makonda wa Mbarara hawajawahi kumsikia Littlewood, lakini hesabu hiyo wanaifanya kwa macho: wanatupia jicho umati uliobaki, saa ya simu, na basi la mshindani linalonguruma nyuma yao.

Mwaka 1985 kampuni ya American Airlines, chini ya Robert Crandall, iliikabidhi kompyuta kazi hiyo ili kupambana na People Express, shirika lililokuwa likiuza tiketi rahisi kupindukia. Viti vichache viliuzwa kwa bei ya chini kwa wanaonunua mapema, vilivyobaki vikahifadhiwa kwa ajili ya wafanyabiashara wanaokurupuka na safari za ghafla. Kufikia 1987 People Express haikuwepo tena.

Hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo. Kwenye ndege bei hupanda siku ya safari inapokaribia; kwenye meli ya kitalii mara nyingi hushuka. Ukitaka kujua sababu, mwangalie mteja wa mwisho ni nani. Anayekimbilia ndege usiku huu ana msiba, mgonjwa au mkataba wa kusaini; atalipa tu. Lakini hakuna anayeamka asubuhi akiwa na dharura ya kwenda kuota jua katika bahari ya Karibi. Mteja wa dakika ya mwisho wa meli ni mtu asiye na shida, na asiye na shida hubembelezwa kwa bei.

Kazi yenyewe huenda hivi. Wateja wa mapema huweka arubuni, kisha hutakiwa kumaliza deni, mara nyingi miezi mitatu hivi kabla ya safari. Siku hiyo ikipita, waliojitoa wamejitoa na kampuni inaona wazi ina vyumba vingapi mkononi. Hapo ndipo bei huanza kulegea, hasa ya vyumba vya ndani visivyo na dirisha, au ya chumba usichokichagua: unalipa, wao wanakupangia popote palipobaki. Bei inayotangazwa huwa ya mtu mmoja kati ya wawili wanaolala pamoja. Ukisafiri peke yako waweza kulipishwa karibu bei ya wote wawili. Ongeza kodi za bandari na bakshishi za wahudumu. Na kampuni haitoi punguzo kwa huruma, kwani abiria akishaingia atanunua vinywaji, atacheza kamari, atalipia matembezi. Basi letu halina bahati hiyo. Pesa za muchomo na gonja (nyama na ndizi za kuchoma) tunazonunua njiani pale Lukaya zinaingia mfuko wa mchuuzi, kwa hiyo mwenye basi hana cha kufidia nauli aliyoipunguza. Lakini hata kwenye meli punguzo lina hatari yake: mwaka 2015 kampuni ya meli za kitalii ya Royal Caribbean ilitangaza kwamba itaacha kushusha bei siku za mwisho, kwa kuogopa kuwafundisha wateja kusubiri.

Huku kwetu meli yenye vyumba inayojulikana zaidi ni Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa mwaka 1913 na Meyer Werft wa Papenburg, Ujerumani, kiwanda kile kile kilichokuja kuunda meli za kitalii za Disney. Ilikuwa na vyumba vichache vya daraja la kwanza, na nauli yake haikupangwa na kompyuta inayobadilisha mawazo kila saa. Mei 2015 ilibeba Warundi waliokimbilia kijiji cha Kagunga, Tanzania, na kuwafikisha Kigoma, mamia kwa mamia kila safari. Hapo hapakuwa na suala la bei.

Punguzo la mwisho, basi, ni la mtu anayeweza kuondoka saa yoyote, na si la yeyote mwenye pesa kidogo. Wanaolifaidi zaidi ni wastaafu wanaoishi karibu na bandari za Florida, pasipoti mfukoni. Mkimbizi wa Nakivale, hata akiwa na hati ya kusafiria ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, anahitaji viza kabla ya kukanyaga ngazi ya meli, na viza haitoki kwa siku tano. Kwa hiyo anayekutumia ujumbe kwamba kuna chumba cha bei poa kinachoisha leo, tuma arubuni kwa simu, huyo anakuuzia hewa.

Kwenye basi nafasi ni ya kweli. Mabasi ya kutoka Kabale na Kasese hupita Mbarara yakiwa na viti vilivyobaki, na ukiyasubiri barabarani siku ambayo watu wengi wanaelekea upande mwingine, bei inajadilika. Ila mpatane kabla ya kupanda, na ukatae kulipa bila tiketi: basi likiharibikia njiani, asiye na tiketi hana cha kudai. Na kama una miadi ya hospitali au ya ofisi Kampala Jumatatu asubuhi, usicheze mchezo huu kabisa. Nunua tiketi yako Jumamosi kwa bei kamili.