Jicho Linalomjua Punda Mzima

Vichochoro vya mji wa kale wa Lamu ni vyembamba mno kwa gari. Mchanga wa ujenzi, simenti, mawe ya matumbawe na magunia ya chakula hupanda kutoka gatini hadi mitaa ya juu mgongoni mwa punda. Kwa sababu hiyo mji huu umelea ujuzi ambao husifiwa mara chache: kumtazama punda na kujua kama ni mzima. Wapo madaktari wa mifugo wenye ujuzi huo, na wapo wenye punda ambao hawakuusomea popote. Nawastahi wote, kwa kuwa hakuna mnyama wa kazi anayeficha maumivu yake kama punda.

Farasi akishikwa na msokoto wa tumbo hupiga ardhi kwa kwato, hujitupa chini akagaragara na kutokwa jasho jingi. Kila aliye karibu huona. Punda mwenye msokoto huohuo huweza kusimama kimya tu, kichwa kimeinama kidogo. Mababu zake ni wanyama wa nyika kame za Afrika, na nyikani anayeonyesha udhaifu huwa wa kwanza kuliwa. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa punda alifugwa mara ya kwanza Afrika Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Muda wote huo hajaacha tabia ya kuvumilia.

Kwa hiyo fundi hamgusi punda kwanza. Husimama mbali, naye huanza kwa kumuuliza yule anayemwongoza kila siku, hata akiwa mtoto: amekula asubuhi? Amekunywa? Mara ya mwisho amekunya lini? Husimama na punda yupi, na leo mwenzake yuko wapi? Swali hili la mwisho lina uzito, maana punda hufungamana na mwenzake, na akimpoteza huweza kuacha kula.

Akiuliza huku anatazama. Masikio ya punda mzima hayatulii. Hugeuka kufuata kila sauti. Mguu mmoja wa nyuma ukipumzishwa si neno, ila mguu wa mbele ukitangulizwa ili usibebe uzito, una maumivu. Kisha hutazama malisho. Punda mgonjwa anaweza kusimama kati ya wenziwe na kujifanya anakula, mdomo ukichezacheza bila kumeza kitu. Fundi haangalii mdomo. Huangalia kama majani yanapungua. Akiona vifundo vya majani yaliyotafunwa na kudondoshwa chini, anajua pa kutafuta: kwenye meno.

Halafu huomba punda atembezwe kwenye sakafu ngumu, aende na arudi. Hapo sikio hufanya kazi pamoja na jicho, kwa kuwa hatua nne zenye afya hulia kwa mpigo ulio sawa. Punda akichechemea mguu wa mbele, kichwa huinuka kila mguu mbovu unapokanyaga, akijaribu kuupunguzia uzito.

Baada ya hapo ndipo mkono huingia, ukianzia begani, taratibu. Vidole huteremka hadi chini ya taya, kwenye mshipa unaopita juu ya mfupa, vikahesabu mapigo. Punda mzima aliyepumzika kivulini huwa na mapigo 36 hadi 52 kwa dakika, huvuta pumzi mara 12 hadi 28, na joto la mwili wake ni kati ya nyuzi 36.2 na 37.8. Joto la farasi liko juu zaidi, hivyo nyuzi 38.2, ambazo kwa farasi ni za kawaida, kwa punda ni homa. Anayempima punda kwa kipimo cha farasi humwacha mgonjwa aende kubeba mzigo.

Kisha hufunua mdomo. Ufizi uwe wa waridi na wenye unyevu. Ukibonyezwa kwa kidole hugeuka mweupe, na rangi yake irudi kabla sekunde mbili hazijapita. Wengi hufinya ngozi ya shingo kupima upungufu wa maji, lakini kwa punda kipimo hicho hudanganya. Kisha fundi huweka sikio au kipimasauti ubavuni, juu na chini, kulia na kushoto. Tumbo zima hunguruma. Tumbo lililonyamaza ni la kuitia daktari saa hiyohiyo.

Mkono hupita mgongoni na mbavuni, kwa sababu manyoya mazito huficha ukondefu na vidonda vya shogi. Mbavu zisikike chini ya vidole bila kuchomoza. Watu husema shukrani ya punda ni mateke, ila mkono mzoefu huyapokea mateke kama habari: pale alipoguswa akarusha mguu, ndipo penye jeraha. Kwato huachwa mwisho. Huchokolewa, huguswa kutafuta joto, kisha hunuswa. Ukwato wa punda umeumbwa kwa ardhi kavu. Akisimamishwa kwenye tope na kinyesi huloa, hulainika na kuoza, na harufu ya kuoza hutangulia kuchechemea.

Haya yote yanahitaji haraka kuliko upole wa punda unavyoonyesha. Punda asiyekula, hasa mnene, huanza kutumia mafuta ya mwili wake, na mafuta hayo huweza kufurika katika damu hadi yakaharibu ini na figo. Wengi hufa kwa ugonjwa huo. Kinachoitwa "amenuna tu leo" kinaweza kuwa mwanzo wake.

Lamu ina bahati. Tangu mwaka 1987 shirika la The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa Uingereza na Elisabeth Svendsen, lina kituo mjini humo kinachotibu punda bila malipo. Mwezi Februari 2024 nao wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Marufuku inaweza kumkinga na kisu. Haiwezi kumkinga na jeraha la shogi, jino bovu au tumbo lililonyamaza. Hapo kinga yake ni mtu anayemtazama.

Na mtu huyo si lazima awe daktari. Daktari humwona punda akiwa tayari ameugua, na analolitegemea zaidi ni neno la anayemjua akiwa mzima. Basi wewe mwenye punda, mhesabie mapigo na pumzi wiki hii, akiwa kivulini na hana tatizo lolote. Jua anavyosimama, anavyokula na mwenzake ni nani. Siku utakapoona amebadilika, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, usingoje aanguke.