Kata Ianze Kutazamwa Miguuni

Mpeleke mgeni kwenye onyesho la karate, macho yake yatafuata mikono. Ngumi zinaruka, mguu unafika usawa wa sikio, mchezaji anapiga ukelele, ukumbi mzima unashangilia. Mimi nasema mikono isubiri. Kata ni mfululizo wa mapigo na vizuizi ambao karateka huucheza peke yake dhidi ya adui asiyeonekana, na uzuri wake huanzia chini, kwenye nyayo, magoti na nyonga. Tena hujulikana zaidi pale mwili unapohama kutoka mkao mmoja kwenda mwingine kuliko pale unapotulia ukapigwa picha.

Ukitaka kuliona hili bila kubahatisha, ngoja maji yapwe. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka kama mita 3, na kule Pangani huacha mchanga mpana, mgumu, wenye unyevu, unaoshika kila unyayo. Mwambie kijana wa mtindo wa Shotokan acheze Heian Shodan, kata ambayo wanafunzi wengi huanza nayo, kisha akae pembeni. Wewe soma mchanga. Katika mtindo huo mguu unaokwenda mbele hupita karibu na ule uliosimama, halafu ukatoka nje tena, kwa hiyo huacha mkunjo mwembamba. Ukikuta mchirizi ulionyooka, amekatisha njia. Ukikuta shimo la kisigino mwanzoni mwa hatua, ameuangukia mguu wake badala ya kuupeleka. Angalia na upana: nyayo za kushoto na za kulia ziachane kwa upana wa mabega hivi. Zikiwa zimepangana kwenye mstari mmoja, msukumo mdogo wa ubavuni ungemlaza chini, hata kama ngumi zake zilikuwa kali namna gani.

Mwisho tazama alipomalizia. Kata za Heian zimepangwa ili mchezaji arudi pale pale alipoanzia. Akiishia hatua nzima pembeni, basi hatua zake hazikulingana, au aligeuka vibaya mahali fulani. Mjini Tanga, kwenye sakafu ya saruji, alama ya chaki itakuonyesha jambo hilo moja. Kipimo hiki lakini usikipeleke kwenye mitindo yote, kwani kata nyingi za Goju-ryu hazina sharti hilo.

Na Goju-ryu haiwezi kurukwa katika nchi hii. Miaka ya 1970 Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, aliifundisha Dar es Salaam, pale Shule ya Zanaki, katika dojo (ukumbi wa mazoezi) lililoitwa Hekalu la Kujilinda. Kata mama ya mtindo huu ni Sanchin, ambayo Miyagi Chojun (1888–1953) wa Okinawa aliipokea kwa mwalimu wake Higaonna Kanryo. Haina kuruka wala teke. Mtu anakwenda hatua chache, taratibu, anapiga ngumi kwa pumzi ndefu, basi. Ndiyo maana watazamaji huisinzia, na ndiyo maana mimi huitumia kumpima mtu kuliko kata nyingine yoyote.

Sogea karibu. Kisigino cha mguu wa mbele kiwe usawa mmoja na vidole vya mguu wa nyuma. Vidole vielekee ndani kidogo, magoti yasikakamae, makalio yasichomoze nyuma. Kisha kaza macho kwenye mabega. Yakipanda pumzi inapoingia, pumzi hiyo imeishia kifuani, haikufika tumboni inapotakiwa. Wapo wanaovuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na watu hudhani hiyo ndiyo nguvu. Siyo. Pumzi njema husikika, lakini haigombi na koo. Jioni ya kaskazi, joto likiwa limeshika na vazi limelowa jasho, uchovu huonekana kwanza kwapani: kiwiko kinaachana na ubavu, kidogo tu, na kuanzia hapo mkono unafanya kazi peke yake bila mwili.

Kwenye mwendo, watu wa Tanga wana msingi mzuri, maana wengi wamekulia kwenye madrasa na mashindano ya kusoma Kurani. Wanajua kuwa sauti tamu haimwokoi msomaji anayevuta madda, yaani kurefusha sauti, pasipo mahali pake. Kata nayo ina pa kuvuta na pa kukata. Chukua mwanzo wa Saifa: mchezaji anaingia kwa pembeni, anavuta mikono yake kifuani, kisha anafunguka ghafla, anashuka kwenye mkao mpana na kupiga kwa mgongo wa ngumi. Hufanya hivyo mara 3. Aliyeiva, mvuto na mlipuko vimeshikana, hakuna nafasi ya kupumzika katikati. Asiyeiva huenda kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho, au husimama katikati ili atazamwe, na kwangu hilo la pili ni baya zaidi. Muulize anavuta nini. Anayejua atakupa kifundo cha mkono wake ukishike kwa nguvu, na utahisi mwenyewe jinsi anavyojinasua kwa mwili mzima.

Usidanganywe na kelele za vazi. Turubai nzito hulia yenyewe ngumi inapokwenda sawasawa, lakini wapo wanaojipiga paja au kifua ili ilie. Kanuni za Shirikisho la Karate la Dunia zinahesabu hilo kuwa kosa, pamoja na kukanyaga sakafu kwa kishindo. Kata ilipochezwa Olimpiki kwa mara ya kwanza, michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, dhahabu zilikwenda kwa Kiyuna Ryo wa Okinawa na Sandra Sánchez wa Hispania, ambaye alikuwa na miaka 39. Tafuta video zao, zima sauti, tazama nyonga tu. Utaona kwamba nyonga imeshaanza safari kabla ngumi haijatoka.

Na kama unamtafutia mtoto mwalimu, iwe Chumbageni au Makorora mjini Tanga, usianze na rangi ya mkanda. Omba kukaa pembeni jioni moja wakati wanafunzi wapya wanacheza Gekisai, kata ambayo Miyagi aliitunga karibu mwaka 1940 kwa ajili ya wanaoanza. Mwalimu anayeinama, akashika kifundo cha mguu wa mwanafunzi, akakisogeza upana wa vidole viwili, kisha akamrudisha mwanzo, huyo mpe mtoto. Anayepaza sauti tu kwamba waongeze kasi, shukuru, aga, endelea kutafuta.