Tumeshangilia Mpingo, Tumesahau Mguu

Mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia (IAU) uliipa Tanzania nafasi ya kuipa jina nyota WASP-71. Tukaiita Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Majina mazuri, sina ugomvi nayo. Ila Mpingo huioni kwa macho matupu, mpaka uwe na darubini.

Sasa nenda Tabora mwanzoni mwa Februari, saa tatu na ushee usiku, mawingu yakiruhusu. Angalia juu: nyota kali ya buluu imekaa karibu na utosi wako. Sisi wenyewe tunaiandika "Rigel", kana kwamba jina limezaliwa Ulaya. Si kweli. Ni neno la Kiarabu, rijl, yaani mguu: mguu wa Jabari, lile jitu la angani. Kiswahili kina Rijili. IAU ilipoidhinisha "Rigel" mwaka 2016, iliidhinisha matamshi ya Kizungu ya neno ambalo sisi tunalitamka karibu zaidi na asili yake.

Na si nyota ya kupuuzwa. Uso wake una joto la nyuzi 12,000 hivi, mara mbili ya Jua, ndiyo maana ni ya buluu. Inatoa mwanga zaidi ya mara 100,000 kuliko Jua. Kwa matumizi hayo akiba haidumu: itaishi miaka milioni kadhaa tu, kisha italipuka. Mwanga unaouona leo uliondoka huko miaka 860 hivi iliyopita.

Lakini tusijidanganye pia. Rijili ni jina la pwani, la manahodha na wasomi. Mizigo ya njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kwa miguu yao, wakilala chini ya nyota hiihii. Wao waliiitaje? Kilimia, jina linalotokana na kulima, linatuonyesha kwamba wenye jembe nao waliipa mbingu majina.

Shindano la 2019 lilitaka majina mapya. Hapo ndipo kasoro yangu ilipo: ya zamani nani anayakusanya? Kama una bibi au babu Sikonge, Uyui au Nzega, toka naye nje usiku, mwonyeshe kwa kidole, uliza, andika. Jina jipya linaweza kusubiri shindano lijalo. Bibi hawezi.