Haiyakufa, Iko na Kiu

Umeme ulipokatika siku ya pili mfululizo, nilimbebea fundi wangu wa mtaa wa Katuba betri ya volti 12, ile ya gari lililostaafu, inayowasha taa mbili na kuchaji simu za nyumba nzima. Moyoni nilikuwa nimeshaizika. Alifungua vifuniko sita, akachungulia kila tundu kwa tochi kama tabibu atazamaye koo la mtoto.

"Papa, haiyakufa," akasema. "Iko na kiu."

Sahani za risasi zilikuwa zimechomoza juu ya maji. Hapo nikauona ustadi wake, ambao sehemu kubwa ni kujizuia. Asidi hakuongeza, maana kinachopotea kwa mvuke ni maji. Ya bomba hakuyagusa, yana madini. Alizifunika sahani kwa maji ya betri, basi. Kujaza hadi alama kulingoja chaji, kwa kuwa chaji huyapandisha. Ukoko uliovaa vichwa vya betri aliuosha kwa maji ya moto na magadi, akapaka grisi. Mvuta sigara mmoja alifukuzwa hata salamu haijaisha: betri inayochajiwa hutoa hidrojeni.

Ndipo likaja somo langu. Betri iliyopumzika ikisoma volti 12.7 kwenye mita, imejaa, ikisoma 12.2, iko nusu, zima taa. Ukiikamua zaidi na kuiacha hivyo, salfati huganda juu ya sahani ikawa kama jiwe. Sisi wenye njaa ya mwanga tunakamua mpaka taa iwe nyekundu, halafu tunailaumu betri. Wengine huitupa mwezi wa Juni, kumbe ni baridi tu ya mji huu ulio takriban mita 1,200 juu ya bahari. Baridi huilegeza betri, joto ndilo huizeesha.

Nyumbani nikaikumbuka tochi ya dharura, iliyolala kabatini tangu mvua zilizopita. Ndani, betri moja mpya na moja ya zamani, springi imejaa unga mweupe. Makosa yangu mawili katika bomba moja. Siku hizi betri zake hulala nje, kando yake, pacha za umri mmoja.

Saa mbili na nusu usiku kitinda mimba wangu anashika mita. 12.2. Anamalizia mstari wa daftari, anamtazama mama yake, anazima.